Mikeka Thelathini ya Bi Kufuli

Bi Kufuli hakumlilia mumewe, na watu walilisema jambo hilo mpaka wakachoka wenyewe. Msibani alikaa ameegemea ukuta, miguu kainyoosha, mikono iko mapajani kama mikono ya kuazima. Ukimpa kikombe anashika, ukimpokonya anaachia. Jirani mmoja, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko barabara, akamletea chai inafuka moshi ili amjaribu. Bi Kufuli akainywa yote bila kupuliza.

"Huyu ama ana roho ya jiwe ama hayupo humu ndani," jirani akawanong'oneza wenzake.

La pili ndilo lilikuwa kweli, ingawa yule jirani alilipata kwa kubahatisha tu, si kwa akili. Bi Kufuli hakuwa na roho ya jiwe. Alikuwa kama jiko lililomwagiwa maji: kuni zipo, majivu yapo, moto hakuna. Siku ya tatu akavaa mabuti yake ya mpira, akarudi kazini. Farasi hawajui msiba. Wanataka kula, wanataka maji, wanataka kufagiliwa, na wakicheleweshwa wanapiga mlango mateke.

Yeye na marehemu walikuwa wamefanya kazi pale miaka ishirini na mitatu. Farasi kumi na mmoja, wote wa tajiri mmoja aliyekaa mjini. Kazi waligawana tangu siku ya kwanza. Bi Kufuli alikuwa wa mabandani: kufagia, kusugua manyoya, kukagua kwato, kuzalisha. Mumewe alikuwa wa uwanjani: uzio, maji, nyasi, kuwapeleka malishoni na kuwarudisha. Mume huyo alitembea na ndoo ya pumba mkononi asubuhi na jioni, mpaka watu wakasahau jina alilopewa na mama yake wakamwita Ndoo. Mpole sana. Wa kusema "ndiyo, ndiyo" kwa kila mtu. Wanaume wa namna hiyo watu huwasifu, lakini hebu ishi naye uone: hata panya akimwambia hapa ni kwangu, anampisha.

Na jina la Bi Kufuli, hilo alipewa na wenzake wa kazini. Si kwamba hasemi. Anasema sana, na maneno yake yana miiba. Lakini akishamfungia mtu, amemfungia. Ufunguo ameutupa, na mahali alipoutupa hapakumbuki.

Aliyefungiwa kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Wala huyo mdogo mtu hakuwa mbali. Nyumba yake ilipakana na malisho ya chini. Ukitoka getini ukashuka na uwanja hatua mia tatu, unafika kwenye kona ya uzio, na ng'ambo ya uzio kuna ua wa fundi cherehani, na kamba yake ya nguo, na dirisha lake ambalo cherehani inasikika ikilia mchana kutwa. Kwa hiyo Bi Kufuli alikuwa hashuki kule. Miaka kumi na moja, miguu yake iliishia getini. Kikihitajika kitu huko chini, Ndoo ataenda.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Mama yao alikuwa anaumwa, kalazwa kwa yule mdogo, humo humo kwenye nyumba ya nyuma ya uzio. Siku moja mchana jua kali, akaja mtu mbio mabandani: mama anakuita, njoo sasa hivi. Saa hiyo Bi Kufuli mkono wake umeingia mpaka kiwiko kwa farasi jike anayeitwa Shangazi, maana mtoto alikuwa anatoka mguu mmoja umekunjika nyuma, na ukiuacha hivyo wanakufa wote wawili. Bi Kufuli akasema, "Mwambieni nakuja." Akaunyoosha ule mguu. Akamtoa mtoto. Akamsafisha pua mpaka akapumua. Akanawa. Alipofika nyumbani kwa mdogo wake, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Kwenye mazishi, mbele ya watu wote wameshika sahani, mdogo wake akamnyooshea kidole akasema, "Huyu alichagua farasi."

Maneno matatu tu. Tangu siku hiyo, kufuli.

Sasa, mwezi mmoja baada ya Ndoo kufa, tajiri akaja. Hakukaa. Tajiri yule alikuwa na tabia ya kuongea huku mlango wa gari uko wazi, kama mtu anayeogopa mazungumzo yasije yakamng'ang'ania.

"Mama, pole tena."

"Nimeshapoa."

"Mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini mwaka jana mvua iliponyesha, matope yale yaliniulia farasi mmoja, na watatu walivimba miguu. Uwanja ulikuwa kazi ya mumeo. Chumba mnachokaa nacho kilikuwa cha mumeo kwa ajili ya kazi hiyo."

"Najua kilikuwa cha nani. Ninakifagia mimi."

Tajiri akakohoa. "Nitaleta mikeka ya mpira. Uitandike mwenyewe. Mvua zikija, nitakuja mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa mvua nikague miguu ya farasi. Nikikuta mizima, unabaki na chumba, kazi zote mbili ni zako. Nikikuta vidonda, nina jamaa mwenye mke na watoto, anakihitaji hicho chumba."

"Sawa."

"Una mahali pa kwenda lakini? Ikitokea?"

Bi Kufuli alikuwa na mahali pamoja. Hakuwa na mtoto, hakuwa na kaka, wazazi walishakwenda. Chini ya jua lote hili alikuwa na mlango mmoja tu ambao usingeweza kufungwa usoni mwake, na mlango huo ulikuwa hatua mia tatu kutoka pale waliposimama, nyuma ya kamba ya nguo. Kwenda kubisha pale amebeba godoro kichwani, mdogo wake amfungulie, amtazame juu mpaka chini, amwambie "karibu." Hilo "karibu" ndilo lilikuwa limemkaa kooni.

"Sina," akamwambia tajiri.

Hata hilo alilisema bila moto. Lilitoka tu, kama mtu anavyotaja siku ya wiki.

Mikeka ikaja kwa lori. Thelathini. Kila mmoja ni mpira mweusi mnene, upana wa meza ya kulia, una matundu matundu kama mzinga wa nyuki ili nyasi zipenye, na pembeni una meno ya kuushikanisha na mwenzake. Dereva akaishusha huku akicheka peke yake.

"Mama, mikeka ya nini? Farasi nao wanakaribisha wageni?"

"Wanakaribisha. Lakini wanachagua. Shusha, uende."

Bi Kufuli hakuwahi kutandika kitu kile, ila alikuwa na macho na alikuwa na akili, ambavyo vinatosha watu wengi kama wangevitumia. Alijua mkeka wa mpira hautandikwi juu ya tope. Ukiutandika juu ya tope unaelea kama majani kwenye chai, farasi akiukanyaga unamtupa. Unatandikwa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, nyasi zipo bado. Unasawazisha kwanza, unatoa mawe, unashikanisha meno, unapigilia vigingi, kisha unawaondoa farasi wiki kadhaa mpaka nyasi zichomoze kwenye matundu na mizizi ikaze kila kitu. Mvua ikija, kwato zinakanyaga mpira, nyasi chini zinabaki hai, ardhi haikorogeki.

Akaitandika getini. Kila mtu anatandika getini. Ukimwuliza yeyote mwenye farasi kwamba matope yako wapi, atakuambia getini, maana hapo ndipo farasi wanaposongamana kusubiri kurudi bandani. Aliipanga vizuri sana, safu sita za mitano mitano, akapigilia, akafunga eneo kwa kamba, akasubiri. Nyasi zikachomoza. Ukiangalia hutajua kuna mpira chini. Alisimama pale jioni moja akaangalia kazi yake, akangoja kufurahi. Furaha haikuja. Akaenda kulala.

Mvua ikaanza kwa fujo. Wiki ya kwanza, geti kavu kama sakafu. Wiki ya pili, geti kavu. Lakini asubuhi moja akiwa anamsugua Shangazi, mkono wake ukapita juu ya ukwato wa nyuma, ukakutana na magamba. Akainama. Ngozi imepasuka, imevimba, ina unyevu. Akamwangalia wa pembeni yake: magamba. Wa tatu: yanaanza.

Vidonda vya matope. Na mwisho wa mwezi zimebaki siku kumi na mbili.

Mtu mwingine angepiga kelele. Bi Kufuli alichemsha maji, akaosha miguu, akaikausha kwa taulo kidole kwa kidole, kama ingekuwa na vidole, akapaka dawa. Ndani ya kichwa chake kulikuwa kimya, kama nyumba watu wakishahama.

Siku hiyo hiyo akaja fundi wa kwato. Alikuwa mzee wa makamo, kiuno kimeshapinda kwa kuinamia wanyama, na ulimi wake haukuwa mbali na wa Bi Kufuli, ndiyo maana walivumiliana. Akainua mguu wa Shangazi, akauangalia, akaushusha.

"Bi Kufuli, hawa unawafuga kwenye shamba la mpunga?"

"Geti langu ni kavu. Kaangalie."

"Nimeliona. Zuri. Unaweza kufanyia harusi. Lakini huyu ana tope mpaka gotini. Hajalipata getini. Wanasimama wapi?"

"Farasi wanasimama getini."

"Farasi wa nani? Farasi anasimama anapotegemea kupewa kitu. Mtu akiwalisha getini, watasimama getini. Akiwalisha juu ya paa, watapanda paa. Nani anawalisha, na wapi?"

"Mimi. Bandani."

"Mwingine?"

Bi Kufuli akainama tena kwenye mguu wa Shangazi. Yule fundi akaacha zana zake chini, akaenda uwanjani mwenyewe. Alirudi baada ya muda, mabuti yamebadilika rangi, anapumua kwa nguvu.

"Kona ya chini," akasema. "Nusura niache buti langu humo. Tope la miaka mingi lile, mama, si la juzi. Na lina maganda ya karoti juu, mapya. Mwenye nyumba ile ya nyuma anawatupia. Nani yule?"

"Fundi cherehani."

"Basi dawa ni rahisi. Mwambie huyo fundi cherehani maganda yake awe anayaleta getini. Farasi watamfuata. Neno moja tu, kazi yako imeshakwisha."

"Mimi na yule hatusemeshani."

Fundi wa kwato akamtazama. "Hata neno moja?"

"Hata nusu."

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Nitahamisha mikeka."

"Yote? Imeshashika mizizi! Mvua hii! Peke yako!" Alianza kucheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Bi Kufuli, nimefanya kazi na nyumbu. Na nyumbu wana kiasi."

Basi Bi Kufuli akashuka kule chini, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja.

Kona yenyewe ilikuwa imezama kama beseni. Tope zito jeusi, limejaa mashimo ya kwato, kila shimo na maji yake. Alisimama pembeni akaangalia uzio. Mbao ya juu ya uzio mzima ilikuwa imechakaa, ya kijivu, ina ukoga. Lakini pale konani, kama urefu wa mikono miwili, ilikuwa laini na inang'aa kama mpini wa jembe. Upande huu mtu alikuwa ameegemeza viwiko, na upande wa pili mtu mwingine ameegemeza vyake. Si kwa siku moja, wala kwa mwaka mmoja.

Ndoo. Kila jioni, na ndoo yake ya pumba mkononi, kabla ya kuwarudisha. Na farasi wote kumi na mmoja wamemzunguka, wanasubiri, wanakanyaga, wanakoroga. Mwaka baada ya mwaka, mpaka shimo. Halafu anapanda juu, anaingia chumbani, anavua mabuti, anasema "nimechoka mama," anakula chakula alichopikiwa.

Bi Kufuli aliliona hilo lote kwa wakati mmoja. Alingoja lichome. Halikuchoma. Aliliangalia kama mtu anavyoangalia mguu uliokufa ganzi, anajua ni wake, anaubonyeza, hakuna kitu. Akapanda juu kwenda kuchukua koleo.

Farasi akawafungia mabandani, wote, na kila asubuhi kabla ya kuanza akawaosha miguu na kuwapaka dawa. Kisha siku mbili nzima alitoa tope. Maana ukiacha tope chini, kazi yote ni bure. Alichota mpaka akafika ardhi ngumu ya manjano, akachimba mfereji wa kutoa maji kuelekea kwenye mteremko, akabeba kokoto kwa toroli kutoka lundo lililokuwa nyuma ya mabanda, safari kwa safari, akazimwaga, akazikanyaga. Mvua inamnyeshea. Cherehani inalia ng'ambo. Kuna wakati cherehani ilinyamaza, akajua anaangaliwa. Hakuinua kichwa.

Siku ya tatu akaanza kung'oa mikeka getini. Nyasi zilikuwa zimepenya kwenye kila tundu, kwa hiyo kila mkeka ulipoinuka ulitoa sauti ya kitambaa kinachochanika. Wiki zote zile za kungoja nyasi zimeenda bure. Aliukunja upande, akaufunga kamba, akauburuta kushuka. Mkeka mkavu mtu anaubeba. Mkeka uliolowa na udongo wake wa chini ni kama kuburuta mlevi. Siku ya kwanza akahamisha sita. Ya pili minane. Mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, naye akaona damu kwenye kamba akashangaa ni ya nani.

Siku ya tatu ya kuburuta, alipofikisha mkeka wa kumi na tisa, mdogo wake alikuwa amesimama kwenye uzio, sentimita ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, mwavuli mkononi.

"Dada."

Bi Kufuli akaushusha mkeka, akaanza kushikanisha meno.

"Dada, ungeniambia tu. Maganda ningeyaleta getini. Ama ningeacha kabisa. Mimi nilikuwa nawaonea huruma, wanakuja wanasimama wananiangalia. Wanamsubiri shemeji."

Nyundo. Kigingi.

"Alikuwa anasimama hapo hapo ulipopiga magoti. Usidhani alikuwa ananiletea salamu zako, najua hukuwa na salamu. Alikuwa ananiambia tu. Leo mgongo unamsumbua. Leo amekula vizuri. Leo amemtukana fundi wa kwato, yaani yuko mzima."

Nyundo.

"Na mimi nilimtuma. Hakukwambia?"

Hapo nyundo ikasimama hewani kidogo, kisha ikashuka.

"Hakukwambia," mdogo mtu akasema, sauti imebadilika. "Mwaka ule ule wa kwanza nilimtuma. Nilimwambia, mwambie dada nimekosa, yale maneno niliyasema kwa uchungu, nayafuta. Jioni ya pili nikamwuliza, umemwambia? Akasema, leo hakuwa na siku nzuri. Kesho yake hivyo hivyo. Halafu ikawa utani wetu, shemeji, leo siku nzuri? Bado, shemeji. Miaka kumi, Dada. Nikadhani siku moja aliisema na wewe ukakataa, na yeye ananificha ili nisiumie."

Bi Kufuli akainuka, akapanda juu kuchukua mkeka wa ishirini. Hatua mia tatu za kupanda. Alimfikiria mumewe, mtu wa kila mtu, aliyebeba samahani ya watu kwenye ndoo miaka kumi na akaogopa kuimwaga mbele ya mke wake. Mwoga. Na yeye mwenyewe je, mwanamke gani huyo ambaye mume wake mwenyewe anamsubiria siku nzuri miaka kumi? Haya yote yalipita kichwani mwake kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama farasi wanaotoka bandani. Hakuna hata moja lililompiga teke. Akaufunga mkeka kamba, akashuka nao.

Mdogo wake alikuwa bado amesimama pale pale.

"Husemi kitu."

Bi Kufuli akapigilia kigingi. Siku hiyo alifikisha ishirini na tano.

Siku ya mwisho mvua ilikuwa ya kumwaga. Mkeka wa ishirini na nane ukamkwama katikati ya mteremko, umenasa kwenye jiwe, akiuvuta hauji, akiulegeza unamrudisha nyuma. Alivuta mpaka akakaa chini kwenye maji. Akabaki amekaa. Si kwa uchungu. Miguu ilikuwa imekataa, basi, na yeye hakuona sababu ya kubishana nayo.

Mdogo wake akatupa mwavuli, akapitisha mguu kwenye uzio, na gauni lake la kazini, na viatu vya nyumbani. Wanawake wa umri wao hawaruki uzio. Alianguka upande wa pili kama gunia, akainuka, akaja. Akasimama juu ya dada yake, maji yanamtiririka puani.

Bi Kufuli akamtazama. Kisha, baada ya miaka kumi na moja, akamwambia:

"Shika huko."

Akashika. Wakaushusha. Wakapanda, wakaushusha wa ishirini na tisa, wakapanda, wakaushusha wa thelathini. Mdogo mtu alikuwa hajui kazi, anavuta upande wake kabla ya wakati, anakanyaga pembe. Viatu vyake vya nyumbani vilibaki njiani. Bi Kufuli alimwambia "taratibu" mara mbili na "si hapo" mara nne. Walipokuwa wanapigilia kigingi cha mwisho, mdogo mtu alikuwa analia waziwazi, bila aibu, kamasi na mvua pamoja.

"Samahani yangu umeisikia sasa," akasema. "Kwa mdomo wangu. Haya, nijibu basi, hata kunitukana. Yale niliyosema yalikuwa uongo mtupu, yalikuwa uchungu tu."

"Haukuwa uongo," Bi Kufuli akasema. "Nilichagua farasi. Aliyeleta habari alisema sasa hivi, nikamsikia vizuri. Nikaangalia ule mguu, nikaamua."

"Dada..."

"Ungekuwa uongo ningekusamehe siku ile ile."

Akakusanya nyundo na koleo, akaenda juu kumwaga kokoto zilizobaki pale getini, na mdogo wake akarudi kwake kwa kuzunguka barabarani, peku.

Siku ya kumi na mbili tajiri akaja, mlango wa gari wazi. Aliinua mguu mmoja mmoja, farasi kumi na mmoja, miguu arobaini na minne. Mtu wa mjini lakini siku hiyo alivua koti. Magamba yalikuwa yamekauka na kudondoka, ngozi mpya ya waridi iko chini, manyoya yanaanza. Hakuna uvimbe. Kisha akataka kuona mikeka, wakashuka wote. Farasi walioachiwa asubuhi walikuwa wamesimama juu ya mpira, kona ya chini, wakavu mpaka kwenye kwato, wakiangalia dirisha la fundi cherehani.

"Mbona umeiweka huku?" tajiri akauliza. "Si huwekwa getini?"

"Wanasimama huku."

"Kwa nini wasimame huku?"

"Waulize wenyewe. Mimi ni wa kutandika."

Tajiri akakanyaga mkeka kwa kisigino, akarukaruka kidogo kama mtoto, mpira haukuyumba. "Haya, mama," akasema. "Chumba ni chako. Kazi zote mbili." Akaenda zake, na safari hii mlango wa gari aliufunga mapema.

Bi Kufuli akabaki pale. Alikuwa ameshinda, na alijua kwamba ameshinda, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumapili. Cherehani ikanyamaza. Mdogo wake akatoka na beseni la maganda, akafika kwenye uzio, akasita.

"Nimemsikia. Kwa hiyo unabaki."

"Nabaki."

"Mimi nilikuwa nimeshakutolea vitu kwenye chumba cha mbele. Nimehamisha vitambaa vyote. Nilisikia kwa watu maneno ya tajiri, nikasema akikufukuza yule, utakaa kwangu. Nisingekuuliza neno."

"Najua," Bi Kufuli akasema. "Ndiyo maana nilibeba mikeka."

Mdogo mtu akaduwaa, beseni mkononi, hajui kama amepigwa au ameguswa. Shangazi akanyoosha shingo juu ya uzio, akaanza kula kwenye beseni bila kungoja ruhusa ya mtu. Bi Kufuli akamwacha ale. Alikuwa anaangalia kwato zake.